Mzinga wa Manowari ya Bomba Tatu: tathmini ya Fort Jesus kwa msafiri wa Tanga

Anayekwenda Fort Jesus, ngome kongwe ya Mombasa, kutafuta ndege ya kivita hataona hata bawa moja. Atakachoona ni mzinga wa chuma wenye mdomo wa sentimita 10.5 uliotolewa kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, na kwa ajili ya kuizamisha manowari hiyo Waingereza walileta ndege pwani yetu mwaka 1914 na 1915. Ndege zenyewe zilikuwa mbao, turubai na waya, zimeoza zamani. Mzinga umebaki. Kwa mpenzi wa historia ya urubani wa kijeshi anayeishi Tanga, kutoka stendi ya Kange hadi kwenye mzinga huo ni kama kilomita 170.

Safari inastahili, tena sana. Ila mzinga haujielezi wenyewe. Fort Jesus ni ngome ya Wareno na Waomani kwanza, na vita vya 1914, yaani Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vimo pembeni tu. Asiyejiandaa ataupita mzinga ule kwa dakika mbili akidhani ni chuma cha karne ya 17 kama vingine. Tathmini hii ni ya kumsaidia mtu asiupite.

Anza hapahapa mjini, kabla ya kukata tiketi. Tenga asubuhi moja uende Ras Kasone. Hapo ndipo jeshi la Waingereza la watu karibu 8,000, wengi wao askari kutoka India, liliposhuka usiku wa tarehe 2 Novemba 1914 chini ya Jenerali Arthur Aitken. Mji ulilindwa na watu karibu 1,000 wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, na wengi wao waliletwa kwa treni kutoka upande wa Moshi kwa reli ya Usambara, reli ileile inayoanzia Tanga. Kufikia tarehe 5 Waingereza walikuwa wamerudi melini, wameacha nyuma bunduki, bunduki za rashasha na risasi zipatazo 600,000. Walishuka bila kupeleleza, na hawakuwa na hata ndege moja ya kuwaonesha kilichokuwa nyuma ya minazi. Mitini mlikuwa na mizinga ya nyuki. Risasi zilipoipasua, nyuki wakawashukia wapiganaji. Kiswahili kina neno moja tu kwa mzinga wa nyuki na mzinga wa vita, na Tanga ni mji ambao vyote viwili vilishiriki pigano moja.

Ukisimama Ras Kasone ukitazama mjini utaelewa kwa miguu yako kwa nini jicho la angani lingebadilisha mambo. Ardhi ni tambarare, miti inaziba, na hakuna kilima cha kumpa mtu mtazamo. Ndiyo hali ileile, tena mbaya zaidi, iliyowakuta Waingereza kwenye delta ya mto Rufiji, ambako Königsberg ilijificha. Beba picha hiyo kichwani hadi Mombasa.

Barabara ya Horohoro nayo ina mambo yake. Iko lami, na kwa gari dogo mpaka unafika chini ya saa moja na nusu kama hakuna msongamano. Kulia kwako, upande wa bahari, ipo ghuba ya Manza. Tarehe 14 Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilikimbilia humo ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Ilibeba makaa ya mawe karibu tani 1,600 ya kuipa Königsberg nguvu ya kurudi Ujerumani, pamoja na bunduki, risasi na makombora. Injini ya Hyacinth ilipata hitilafu katikati ya mbio, Rubens ikaingia ghubani, mabaharia wake wakafungua maji yaingie na kuwasha moto juu ya sitaha. Waingereza wakaondoka wakiamini kila kitu kimeteketea. Wajerumani wakarudi, wakapiga mbizi, wakatoa sehemu kubwa ya shehena, na risasi zilizolowa zikafunguliwa moja moja na kukaushwa. Makaa hayakuwahi kufika Rufiji, na ndiyo maana Königsberg haikutoka tena. Wakazi wengi wa Mkinga wanaishi hatua chache kutoka mahali palipoamua hatima ya manowari ile, na ni vyema abiria wa basi akalijua hilo anapotazama dirishani.

Karibu na mpaka kuna Jasini, ambako tarehe 18 na 19 Januari 1915 von Lettow-Vorbeck alishinda lakini akatumia risasi karibu 200,000 na kupoteza maofisa wengi, akaamua tangu hapo kuepuka mapigano makubwa ya ana kwa ana. Huhitaji kushuka. Jua tu kwamba unapita.

Sasa makaratasi, maana hapa ndipo safari nyingi zinapokwama. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakimtoshi Mtanzania kuvuka Horohoro. Chukua pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka ofisi ya Uhamiaji mjini Tanga, na uifuatilie siku kadhaa kabla, usingoje asubuhi ya safari. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki halipi viza kuingia Kenya. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Unaweza usiulizwe ukienda, ukaulizwa ukirudi. Kituo cha mpakani ni cha pamoja, maofisa wa nchi mbili wako jengo moja, kwa hiyo foleni ni moja mfululizo: kwanza kutoka, kisha kuingia. Hakikisha umegongewa mihuri yote miwili. Abiria anayerudi mbio kwenye basi akiwa na muhuri mmoja hujuta siku ya kurudi. Fedha badilisha kiasi kidogo tu mpakani, cha tuktuk na chakula. Hesabu noti mwenyewe kabla ya kuondoka dirishani, wala usikubali kuharakishwa na mtu anayekufuata nje.

Kutoka Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka, unapita Ukunda hadi Likoni. Feri ya Likoni ni bure kwa anayevuka kwa miguu. Mabasi mengine huvuka na abiria wake, mengine huwashusha. Uliza kondakta kabla hujashuka na kuacha mzigo. Ukifika ng'ambo, tuktuk hadi Fort Jesus ni mwendo mfupi. Taja bei kabla ya kupanda.

Waja leo waondoka leo, ndivyo watu husema juu ya Tanga, na wengi hutaka kuifanya Mombasa vilevile: kwenda alfajiri, kurudi jioni. Inawezekana, ila hatuishauri. Mpaka ukichukua saa mbili na feri saa moja, utafika ngomeni saa 6 au 7 mchana, wakati mbaya kuliko yote. Kuta za matumbawe hushika joto na uwanja wa kati hauna kivuli cha kutosha. Lala Mombasa, uingie saa 2 asubuhi mlango unapofunguliwa. Ngome hufungwa saa 12 jioni. Saa 2 hadi saa 4 na nusu asubuhi zinatosha kabisa kuiona yote kwa utulivu, na mwanga wa asubuhi unasaidia picha: chuma cheusi hutoka kama kivuli tupu jua likiwa la utosi.

Viingilio hupangwa kwa makundi: raia wa Kenya, wakazi wa Afrika Mashariki, na wageni wa mbali. Tofauti ya bei ni kubwa, kwa hiyo pasipoti yako iwe mkononi pale dirishani. Usitegemee kulipa kwa fedha taslimu. Taasisi za serikali ya Kenya zimehamia malipo ya simu na kadi. Asiye na laini ya Kenya aende na mwenyeji au awe na kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi.

Ngome yenyewe tutaipita haraka, ingawa haistahili kupitwa haraka. Ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano aliyewafanyia kazi Wareno. Angalia pembe zake: kila buruji limekaa hivi kwamba mlinzi aliye juu yake anaweza kupiga risasi sambamba na ukuta wa jirani, hivyo hakuna sehemu ya ukuta ambayo adui anaweza kujibanza asionekane. Ilizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Mali iliyotolewa kwenye meli ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchimbuliwa na wanaakiolojia kuanzia 1977, imo ndani ya makumbusho na inastahili nusu saa yako. Chini ya Waingereza ngome ilikuwa jela hadi 1958, ikawa makumbusho mwaka 1960, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Michoro ya meli iliyochorwa ukutani na askari wa Kireno ni ya kutazamwa polepole, hasa na mtu aliyekulia kwenye mji wa majahazi.

Ushauri wetu wa mpangilio: panda kuta kwanza wakati bado kuna ubaridi, ingia vyumba vya maonyesho jua likianza kuuma, na umalize kwa mizinga. Ukianza na mizinga utakuwa bado hujazoea jicho kutofautisha ya kale na ya karne ya 20.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Mizinga ya kale ilipakiwa kwa mbele: nyuma yake imezibwa kwa chuma kizima, yenye kirungu, na mwilini mna mabega mawili ya mviringo ya kulalia kwenye gari lake. Mtutu ndani ni laini. Mizinga ya manowari za 1914 ilipakiwa kwa nyuma. Sehemu ya nyuma ni ya mraba au mviringo mkubwa wenye nafasi ya kifungio, yaani mlango wa nyuma wa mtutu, na ukichungulia mdomoni unaona michirizi inayozunguka kama uzi wa skrubu mrefu. Michirizi hiyo hulizungusha kombora ili lisipinduke angani.

Fort Jesus ina mizinga miwili ya aina hii ya pili ambayo inapaswa kutazamwa kwa pamoja: mmoja wa Königsberg, mwingine wa manowari ya Kiingereza Pegasus. Watu wengi hupiga picha mmoja na kuusahau mwenzake, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu hawa ni mahasimu. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa imetia nanga bandari ya Zanzibar ikitengeneza injini. Königsberg ikatokea na kuipiga kutoka mbali. Makombora ya Pegasus yalianguka majini kabla ya kufika. Ya Königsberg yalifika. Pegasus ikazama siku hiyohiyo. Baadaye mizinga yake iliopolewa na kutumiwa na Waingereza nchi kavu.

Chukua futi ya fundi ya mita 5, uombe ruhusa kwa mhudumu kabla ya kugusa chochote. Mdomo wa mzinga wa Königsberg una kipenyo cha milimita 105. Wa Pegasus ni inchi 4, yaani milimita 101.6. Tofauti ni milimita 3 na kitu, kwa hiyo usipime ukingoni ambako rangi iliyopakwa tabaka juu ya tabaka hudanganya. Pima ndani kidogo, kutoka tuta kati ya michirizi hadi tuta la upande wa pili, ukipitisha futi katikati kabisa. Ukipima mara moja tu utakosea. Pima mara tatu, uchukue kipimo kikubwa zaidi. Kisha pima urefu. Mzinga wa Königsberg huitwa L/40, maana yake urefu wa mtutu ni mara 40 ya kipenyo: 40 mara milimita 105 ni mita 4.2. Hesabu hii ni nzuri sana kufanya na watoto wa shule, na ndiyo inayowafanya wasimame kwenye mzinga dakika ishirini.

Nyuma ya mtutu kuna tofauti nyingine. Wajerumani walitumia kifungio cha kuteleza pembeni, kama droo. Waingereza walitumia kifungio cha kuzungusha, kama skrubu iliyokatwa vipande. Jeshi linaloacha mzinga huharibu au huondoa kifungio ili adui asiutumie, kwa hiyo soma umbo la tundu kilimokaa kifungio, lenyewe linasema. Kombora la Königsberg lilikuwa na uzito wa kilo 17.4, na ukiongeza ganda la shaba na baruti unapata karibu mzigo mzima wa mpagazi mmoja. Lifikirie hilo: mzinga ule ulipopanda bara, kila mlio wake ulikuwa umebebwa kichwani na mtu kutoka mahali fulani.

Sasa ndege. Hili ndilo jambo ambalo mgeni lazima aje nalo kutoka nyumbani, na hapa tunalieleza kwa kirefu.

Watu wa Dar es Salaam waliiita Königsberg manowari na bomba tatu, kwa sababu ya mabomba yake matatu ya moshi. Baada ya kuizamisha Pegasus, injini yake iliharibika, nahodha Max Looff akaiingiza ndani ya delta ya Rufiji, na vipande vibovu vikapelekwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam kutengenezwa. Waingereza waligundua iliko mwishoni mwa Oktoba 1914. Kujua haikusaidia. Manowari zao kubwa hazikuweza kuingia kwenye mito ya kina kifupi, na kutoka baharini hawakuona chochote ila mikoko. Huwezi kulenga usichokiona.

Walimwajiri rubani wa kiraia, H. Denis Cutler, aliyekuwa Durban na ndege za kutua majini za Curtiss. Akirukia kisiwa cha Nyororo, kusini mwa pwani yetu, aliiona Königsberg Novemba 1914. Mwezi uliofuata ndege yake ilianguka deltani, akatekwa. Februari 1915 zikaja ndege mbili za Sopwith za kutua majini, nazo zikashindwa, na sababu za kushindwa kwake zinamhusu kila anayeijua hewa ya pwani. Hewa ya moto ni nyepesi. Bawa hupata nguvu ndogo ya kunyanyua na injini hupumua kidogo. Ndege iliyonyanyuka vizuri Uingereza ikiwa na watu wawili na mabomu, hapa ilihangaika na rubani peke yake. Unyevu ulilegeza gundi ya mbao, rafadha zikapinda, turubai ikalegea. Zikafuata za Short, zilizopiga picha za manowari Aprili, lakini hizo pia zilikuwa nzito kwa joto lile. Mwezi Juni zikaja ndege za kutua nchi kavu, Caudron mbili na Henri Farman mbili, na kiwanja kikasafishwa kisiwani Mafia, kilichokuwa kimetekwa Januari. Ndege bila maboya ya kuelea ni nyepesi zaidi, na hilo ndilo lililofanya kazi.

Pamoja nazo zilikuja manowari bapa mbili, Severn na Mersey, zilizokusudiwa awali kwa mito ya Brazili, zenye kuhitaji chini ya mita 2 za maji. Kazi ya ndege ilikuwa kuzunguka juu ya Königsberg na kutuma kwa simu ya upepo mahali kila kombora lilipoanguka: limepungua, limepita, kushoto, kulia. Mawasiliano yalikuwa ya upande mmoja. Ndege ilituma, haikuweza kupokea.

Tarehe 6 Julai 1915 walishindwa. Zaidi ya makombora 600 yalipigwa. Kosa kubwa lilikuwa kwamba Severn na Mersey zilipiga kwa wakati mmoja: mwangalizi angani aliona maji yakiruka lakini hakujua ni kombora la nani, akasahihisha manowari isiyohusika. Nao Wajerumani walikuwa na waangalizi wao miongoni mwa miti, wakielekeza mizinga yao vizuri; Mersey ikapigwa na watu wakafa. Tarehe 11 wakarudi wakiwa wamejifunza: manowari moja ipige, nyingine ingoje. Rubani John Cull na mwangalizi H. J. Arnold walikuwa ndani ya Henri Farman. Makombora ya Severn yakasogezwa hatua kwa hatua hadi yakaanza kupiga shabaha. Hapo ndege ikapigwa, injini ikafa. Wakati Cull akiishusha bila injini kuelekea mtoni, Arnold aliendelea kutuma masahihisho. Ndege ikapinduka majini karibu na Mersey, wote wawili wakaokolewa. Muda si mrefu Königsberg ikawaka, na Looff akaamuru ilipuliwe.

Sasa rudi mbele ya mzinga. Wajerumani waliitoa mizinga yote 10 kutoka mtoni, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam, wakaisambaza. Mmoja ulifungwa kwenye meli Graf von Götzen kule ziwa Tanganyika, meli ambayo leo ni MV Liemba. Mwingine ulipelekwa Kahe, kwenye reli ya Tanga na Moshi, ukalipuliwa na wapigaji wake wenyewe Machi 1916 walipokuwa wakirudi nyuma. Iliyobaki hadi leo ni mitatu: huu wa Mombasa, mmoja Jinja, na mmoja Pretoria. Kwa hiyo aliyefika Fort Jesus ameona theluthi moja ya kilichobaki, na amekiona bila kupanda ndege. Mabaki ya manowari yenyewe yamemezwa na matope ya Rufiji.

Waongozaji wako mlangoni. Wengi wanajua vizuri habari za Wareno na za Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na wanastahili kulipwa. Kubalianeni bei na muda kabla. Kama shabaha yako ni vita vya 1914, sema hivyo mwanzoni kabisa, la sivyo utapelekwa njia ya kawaida na mizinga ya manowari itatajwa kwa sentensi moja mnapotoka. Maswali mazuri ya kumuuliza ni haya: upi ni wa Königsberg na upi wa Pegasus, na je, alama za kiwandani zilizochongwa kwenye chuma zinasomeka wapi. Alama za kiwanda ni ushahidi. Maelezo ya mdomo yanaweza kuchanganya mizinga miwili inayokaribiana ukubwa, na ndiyo sababu tumesisitiza futi.

Makosa mengine ya wageni wa kutoka kwetu ni madogo lakini yanaharibu siku. Viatu vya kandambili huteleza kwenye ngazi za mawe zilizolainishwa na miaka. Maji beba mwenyewe, lita moja na nusu kwa mtu. Watoto msiwaache wapande mizinga: chumvi ya bahari inakula chuma chini ya rangi, na kila rangi inayobanduka kwa viatu ni mlango wa kutu. Betri ya simu ijae, maana ukianza kupiga picha alama za kiwandani, michirizi na vipimo, picha mia hazitoshi.

Ukitoka ngomeni usirudi feri moja kwa moja. Chukua tuktuk hadi sanamu ya askari, barabara ya Jomo Kenyatta. Ni kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika wa vita vile, ndugu ya ile iliyoko Dar es Salaam. Izunguke yote, utazame mavazi na silaha za kila mmoja. Majina ya waliokufa hayakuandikwa. Baada ya kusimama mbele ya mzinga uliohitaji kichwa cha mpagazi kwa kila kombora, dakika kumi hapo ni sehemu ya ziara hiyohiyo, na tunaihesabu hivyo.

Chakula kiko Mji wa Kale, nyuma tu ya ngome: mahamri kwa mbaazi asubuhi, viazi karai mchana. Kwa kurudi, uwe Likoni kabla ya saa 8 mchana. Jioni feri hujaa wafanyakazi wanaorudi makwao, na atakayefika Lunga Lunga usiku atakuta magari ya Tanga ni machache na bei imepanda. Mihuri miwili tena, kadi ya chanjo juu ya pasipoti, na ukae upande wa kushoto wa gari ukitaka kuwa upande wa Manza kabla giza halijaingia.